Bendera Yenye Bitana

Kuna picha moja ambayo kila aliyepita shule ya msingi hapa kwetu ameiona. Imo kwenye kitabu cha darasa la nne, ukurasa ule ambao watoto huuharibu kwa kumchorea mtu masharubu. Mwanamke mnene kidogo, mzuri wa sura, amekaa kwenye kigoda, sindano mkononi, na mbele yake bendera imening'inia kwenye kamba. Chini wameandika: Mwanamke aliyeshona bendera yetu ya kwanza. Mwanamke! Mmoja! Kila nikiyasoma maneno yale damu inanichemka. Hebu itazameni picha vizuri. Upande wa kulia, pale pindo la bendera linapoishia, kuna kitu cheusi kimechomoza, watu hudhani ni mpini wa ufagio. Si ufagio. Ni kiwiko cha mama yangu.

Yule wa kwenye kigoda ni Mama Mkubwa, dada yake mama, na simnyimi haki yake. Alishona, tena alishona vizuri. Lakini nimenyamaza miaka mingi, sasa nimechoka. Mimi ni mkunga mstaafu. Kushona nguo sijui hata kifungo. Nyuzi zote nilizopitisha maishani nimezipitisha kwenye watu, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba mshono umepinda. Kwa hiyo msidhani najisifia ufundi. Nasimulia nilivyosimuliwa jikoni na mama na Mama Mkubwa, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na Bibi akiwakatiza wote wawili.

Ukoo wetu ni wa sindano. Baba yake Babu alishona magunia kwenye ghala la nafaka. Alitumia shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa katani, na vidole vyake vilikomaa mpaka akawa anaokota kaa la moto kwa mkono na kuwashia sigara, huku wageni wakitoa macho. Babu alikulia juu ya magunia hayo. Watoto wenzake walimwita Gunia, na jina lile lilimkata maini. Akala kiapo kwamba yeye atashona vitu vinavyovaliwa na watu, si mahindi. Alipobaleghe akaenda kwa fundi wa makoti, akakaa kwake miaka saba, akatoka na ufundi wa kweli na imani moja isiyotikisika: nguo ya heshima lazima iwe na bitana, kile kitambaa cha ndani kinachoficha mishono.

"Nguo isiyo na bitana," alikuwa akisema, "bado ni kitambaa."

Basi kila kilichopita mikononi mwake alikitia bitana. Aproni ya Bibi ilikuwa na bitana. Mfuko wa kubebea mkate ulikuwa na bitana. Jamani, hata kile kitambaa cha kufunikia redio kilikuwa nayo, nimekigeuza mwenyewe nikaona. Bibi alikuwa akiwaambia wateja wasimwachie mumewe leso juu ya meza, maana wataikuta imevaa koti.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa vipande viwili, ukitazama barabara. Katikati meza ndefu ya kukatia, imejaa alama za chaki ambazo hazikufutika tena. Cherehani tatu. Ya Babu karibu na mlango, ili akiinua kichwa aone nani anapita na koti lake linamkaaje. Ya Mama Mkubwa chini ya dirisha. Ya tatu ilikuwa nyuma ya pazia, karibu na Bibi na pasi yake ya mkaa, na hapo ndipo alipokaa mama.

Mama Mkubwa walimwita Mkasi. Alikata kitambaa kwa macho tu, bila chaki, na watu aliwakata kwa mdomo vivyo hivyo. Mama walimwita Mashoto, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Babu alijaribu kumbadilisha alipokuwa mdogo, akashindwa, akanyanyua mikono. Shida si kwamba mama alishona vibaya. Thubutu! Mshono wake ulikuwa safi kuliko wa dada yake, na Mama Mkubwa mwenyewe alikiri, ingawa ilimchukua miaka arobaini kukiri. Shida ni kwamba nyuzi zake zililala upande wa pili. Ukiweka mkono wa shati ulioshonwa na mmoja kando ya mkono ulioshonwa na mwingine, nyuzi za huyu zinainamia huku na za yule zinainamia kule. Mteja hawezi kuona. Babu aliona, na kwa Babu hilo lilitosha.

"Mshono wako mzuri, mwanangu," alimwambia. "Lakini ni wa ndani."

Basi akapewa kazi za ndani. Bitana, mifuko, pindo. Miaka kumi na mmoja nyuma ya pazia, akishona vitu ambavyo hakuna mtu anavitazama. Kila mwaka aliomba. "Baba, nipe kola moja tu." Babu anajibu kwamba ataona. Mara moja Babu aliugua wiki nzima, mama akamshonea mteja shati zima peke yake, kola, mikono, kila kitu. Babu alipopona alilichukua lile shati, akakaa nalo mlangoni, akalifumua uzi baada ya uzi, akampa Mama Mkubwa alishone upya. Mama alijikaza mbele yake. Akaenda kulia nyuma, juu ya gunia la makombo ya vitambaa. Hakuwa mtu wa kutaka makuu. Alitaka kitu kimoja: baba yake ampe kazi ya kuonekana, halafu asiifumue.

Mtu mmoja tu aliwahi kuzitazama kazi zake, naye alikuwa tarishi wa posta. Alishonewa koti pale dukani, baada ya mwezi akarudi, mikono mfukoni. Babu akadhani kuna kasoro.

"Hakuna kasoro, mzee," tarishi akasema. "Nataka kumjua aliyeshona hii mifuko. Nimekuwa nikitembea na barua mji mzima, mikono yangu haijawahi kupata mahali pazuri hivi."

"Mifuko haina mwenyewe," Babu akamjibu.

Nyuma ya pazia Bibi akacheka mpaka akasahau pasi, na mpaka leo kuna alama ya pasi kwenye ile meza. Tarishi akaanza kuleta barua kwa mkono, moja moja, hata zile za majirani alizileta kwetu kwanza. Huyo ndiye baba yangu, lakini tusikimbie.

Siku zile nchi ilikuwa inakaribia kujitawala, na kila mtu alikuwa roho juu. Asubuhi moja akaingia dukani karani wa serikali mpya. Mwembamba, suruali imemzidi kiuno, kafunga mkanda mpaka kwenye tundu alilotoboa mwenyewe kwa msumari. Mkubwa wake alikuwa na koti la Babu lililodumu miaka kumi na minane bila kuachia hata uzi, na ndiye aliyemtuma. Karani akatandaza mchoro mezani. Mistari mitatu: bluu juu, rangi ya udongo katikati, kijani chini. Na hapo katikati, nyuki wa njano na mweusi, anautazama mlingoti.

"Nyuki?" Bibi akauliza kutoka nyuma.

"Nyuki, mama. Maana yake tutafanya kazi kwa pamoja."

"Na tutauma," Bibi akasema.

Karani akaeleza kwamba vitambaa ni hivyo alivyoleta, hakuna vingine mjini vya rangi ile, na bendera itapandishwa Jumamosi baada ya siku kumi na mbili, saa nne asubuhi. Babu alisimama wima kama anapigwa picha. Mtoto wa mshona magunia anapewa bendera! Akagawa kazi papo hapo. Mama Mkubwa akate, aunganishe mistari na kumshona nyuki. Na mama?

Mama ashone bitana.

Msicheke, au chekeni, mimi mwenyewe hucheka. Hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyejiuliza. Walikuwa wameshona makoti maisha yao yote, na koti lina nje na ndani. Ungewaambia bendera haitiwi bitana wangekuona wewe ndiye umerukwa na akili. Babu akatoa jora la satini nyeupe alilokuwa akiliweka kwa makoti ya maharusi, satini ya kuteleza, mama akaishona siku nne. Bibi alikuwa akisema hajawahi kuona bitana kama ile. Kingo zote zimefungwa, hakuna uzi unaoonekana, pembe zimekaa sawasawa. Mama alijua hakuna atakayeitazama, akaishona vizuri vilevile, na hapo ndipo ninapompenda zaidi.

Alhamisi asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili, karani akaja kuikagua. Bendera imetandazwa mezani, rangi juu. Karani akafurahi. Akamgusa nyuki bawa. Akazunguka meza, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Halafu akashika pembe moja, akaigeuza.

"Hii nini, mzee?"

"Bitana."

"Bitana ya nini?"

"Ya bendera."

Karani akaipapasa ile satini. "Mzee, bendera ina bitana?"

"Hii inayo," Babu akasema, kifua mbele.

Karani akaiweka ile pembe chini taratibu, kama mtu anayeshusha mayai. "Mzee wangu, bendera inaonekana pande zote mbili. Upepo ukitoka huku, watu wataona rangi zetu na nyuki wetu. Upepo ukigeuka, wataona kitambaa cheupe. Unajua kitambaa cheupe juu ya mlingoti maana yake nini?"

Kila mtu alijua, lakini hakuna aliyetaka kulisema.

"Maana yake tumesalimu amri," Bibi akasema, huku akiendelea kupiga pasi.

"Ndiyo, mama. Siku ya kwanza. Saa nne asubuhi."

Mama Mkubwa akaingiza kichwa chini ya meza akijifanya anaokota pini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Karani akajaribu kuinyanyua bendera kwa mikono miwili, akashindwa kuifikisha kifuani, akasema kwa uzito ule hata kimbunga kitaipita tu. Akaondoka akiwa amechoka kabisa, suruali ameishika kwa mkono, na mlangoni akageuka. "Jumamosi saa moja asubuhi nakuja kuichukua. Vyovyote iwavyo."

Babu alikaa chini, akashika tama. Tangu afungue duka hakuna mtu aliyewahi kumrudishia kazi. Loo, msiba ulikuwa ule! Bibi akamletea maji, hakuyagusa.

Aliyeanza kusogea ni mama. Alitoka nyuma ya pazia na kiwembe, akaifumua bitana yake. Siku nne alizifumua kwa saa moja, bila kununa, akaikunja satini akairudisha rafuni. Ndipo wanawake wote watatu wakaitazama bendera kwa nyuma kwa mara ya kwanza. Ilikuwa aibu tupu. Kingo za vitambaa zimefumuka, mafundo ya nyuzi yamezagaa, na nyuki hayupo, kuna alama tu ya umbo lake, nyuzi zinakwenda na kurudi.

"Nyuki wa pili tutamtoa wapi?" mama akauliza. "Kitambaa cha njano kimekwisha."

Mama Mkubwa akajikuna shingo. Akainama chini ya cherehani yake, akatoa bahasha kuukuu, na kwenye bahasha nyuki mzima, wa njano na mweusi, ametazama upande wa pili. Kumbe siku ile ya kukata alikuwa amefuata mazoea. Mikono ya mashati hukatwa miwili kwa mpigo, kitambaa kikiwa kimekunjwa, wa kulia na wa kushoto, na yeye bila kufikiri alimkata nyuki hivyohivyo. Alipofungua akakuta wako wawili. Akamficha wa pili asije akachekwa.

"We Mkasi," Bibi akasema, "ungekata na suruali ya karani tungekuwa na makarani wawili."

Basi Mama Mkubwa akaanza kumshona nyuki wa nyuma. Akashindwa. Mara sindano ikatokeza mbele mahali pasipotakiwa, mara uzi ukamkunja nyuki wa kwanza uso. Na nyuzi zilipokaa, zikakaa vibaya, kwa sababu huyu nyuki ametazama kule na mshono bado unainamia huku. Akafumua, akajaribu tena, akafumua. Mara ya tatu akaitupa sindano mezani na kusema maneno ambayo Bibi alimkataza kuyarudia. Babu hakuweza kusaidia. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, sindano alikuwa akitungiwa uzi.

"Nipeni mimi," mama akasema.

Babu akainua kichwa. "Ule ni upande wa nje."

"Baba, bendera haina ndani."

Nje barabarani mtu alipita akipiga mluzi. Mama hakurudi nyuma ya pazia.

"Ukiharibu hakuna kitambaa kingine," Babu akasema.

"Najua."

"Na nchi nzima itaona."

"Najua, baba. Hicho ndicho ninachokitaka."

Babu akasimama. Wote walidhani atamgombeza. Akaenda mlangoni, akasimama kizingitini, akawapa mgongo, akabaki anaangalia barabara. Hakusema ndiyo na hakusema hapana, na mama akachukua kimya kile kama ruhusa kabla hakijabadilika.

Sasa sikilizeni walivyofanya, maana hili halimo kwenye kitabu. Dukani kulikuwa na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha kushonwa. Waliitundika bendera pale katikati ya chumba, mwanga wa dirisha ukipita ndani yake. Mama Mkubwa akaweka kigoda upande huu, mama akaweka kigoda upande ule, wakakaa wametazamana na bendera iko katikati. Wakawabandika nyuki wawili mgongo kwa mgongo, bawa juu ya bawa, wakawapigia bandi, mshono wa muda, wasisogee. Kisha wakachukua sindano moja. Moja tu. Mama Mkubwa anaichoma kutoka kwake, inatokea kwa mama, mama anaivuta na kuirudisha nafasi ndogo mbele, inatokea kwa Mama Mkubwa. Kila mshono mmoja unawashika nyuki wote wawili. Na kwa kuwa mmoja anatumia kulia na mwingine kushoto, mikono yao ilitazamana, kitambaa katikati, inafuatana, na nyuzi za huku zikawa zinainama vilevile kama za kule, kama mtu anajitazama kwenye kioo. Nyie! Miaka kumi na mmoja mkono ule ulikuwa kasoro. Siku ile ukawa ndio unaotakiwa.

Amani haikuwapo, msidhani.

"Vuta!"

"Nimevuta!"

"Umevuta kama unavuta ng'ombe. Taratibu!"

"Dada, wewe ndiye umeichoma nje ya bawa."

"Mimi? Mimi nimekata nyuki huyu kwa macho, nitashindwa kuliona bawa?"

"Umewakata wawili kwa macho."

Wakacheka mpaka Bibi akaja kuangalia kama wamechanganyikiwa. Walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja miaka yote ile, mmoja dirishani, mwingine nyuma ya pazia, na hawajawahi kukaa hivi, mkono kwa mkono. Na kwa sababu bendera iliwakinga nyuso, maneno yakawa mepesi. Kwenye mguu wa tatu wa nyuki, mama akasema, "Dada, yule tarishi ameniomba."

"Amekuomba nini?"

"Anioe."

Sindano ikasimama upande wa Mama Mkubwa. "Umemwambiaje?"

"Nimemwambia asubiri bendera iishe."

"Ebo! Sasa tunangoja nini? Shika sindano, mtu asije akabadili mawazo!"

Ijumaa mchana akaja mpiga picha wa gazeti, ametumwa na karani. Alikuwa na haraka na alikuwa na jasho. Akaingia, akaona mwanamke amekaa mahali penye mwanga mzuri, akaweka miguu mitatu ya kamera yake hapohapo. Mama Mkubwa akamwambia, "Tuko wawili, bwana, mwenzangu yuko nyuma ya kitambaa." Yeye akasema picha inataka mtu mmoja, ikijaa watu inaharibika, na kitambaa kisisogezwe. Mama alikuwa amebana uzi kati ya vidole, akiuachia nyuki atakunjamana, kwa hiyo hakutoka. Akasikia tu pale picha ilipopigwa. Ndiyo maana kikaingia kiwiko peke yake. Mpiga picha yule angekuwa hai ningemtafuta.

Wakammaliza nyuki saa tisa. Baada ya hapo mama akaichukua bendera kwenye cherehani, ile mishono mikuu miwili iliyounganisha rangi, akakunja kingo moja juu ya nyingine, akazilaza, akazipiga mstari wa kwanza na wa pili, vilevile alivyokuwa akifanya ndani ya makoti pasipoonekana. Kwa kazi hiyo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja ya mazoezi. Jua lilikuwa bado halijazama, Bibi akaipiga pasi.

Ndipo Babu akaingia. Hakuitazama, macho yasingemsaidia. Aliipapasa. Akapitisha vidole juu ya nyuki, akaigeuza, akapapasa tena, akaigeuza, akarudia kwenye mishono mikuu, akatafuta mafundo kwa ukucha.

"Upande upi umeshonwa na Mkasi?" akauliza.

"Tafuta mwenyewe, baba," Mama Mkubwa akasema.

Akatafuta muda mrefu. Kisha akasema, "Hm."

Basi. Hm! Mama amesubiri miaka kumi na mmoja anapewa Hm. Alikunja aproni yake, akaenda nyumbani mbele ya wengine ili wasimwone uso.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya kuta. Watu wa kwetu walichelewa, maana Bibi alikataa kutoka kabla hajazipiga pasi nguo za kila mtu, kwa hiyo familia ya washona bendera ikasimama nyuma kabisa, upande wa pili wa mlingoti, mahali ambapo kama si karani kugeuza ile pembe wangeona satini ya maharusi. Bendera ikapanda. Ikasita juu, ikajikunja kidogo, halafu upepo ukaishika na kuifungua. Watu wakapiga kelele ambazo mama anasema alizisikia tumboni. Upepo ukageuka, bendera ikageuka, ukageuka tena, nayo ikageuka. Nyuki huku, nyuki kule.

Babu alikuwa amemshika mama bega, macho yanamtoka machozi, na hakuona ila rangi zinazotembea. "Tunaona upande gani?" akamwuliza.

Mama akatazama. Akatazama tena. "Sijui, baba," akasema, na akaanza kucheka. "Wallahi sijui."

"Mdudu anaonekana," Bibi akasema. "Inatosha."

Ningependa niwaambie kwamba Jumatatu yake mambo yalikuwa mapya. Hayakuwa. Gazeti lilitoka na picha, wateja wakajaa mlangoni wakimtaka fundi wa bendera, na kila Mama Mkubwa alipowaambia kwamba wako wawili, waliitikia tu na kumnyooshea yeye kitambaa chao. Mama akarudi nyuma ya pazia. Akapewa koti la mtu, akakaa na bitana yake mapajani kama kawaida. Mimi nikifika hapo kwenye hadithi hukasirika kabisa, na nilikuwa sijazaliwa. Mama hakukasirika. Alihuzunika, akashona.

Jumatano, dukani hakuna mteja, Babu akaacha cherehani yake. Akaenda kwenye rafu ya juu, akashusha kipande cha sufu ya kijivu ambacho hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukigusa. Akalisogeza pazia, akakitua kile kitambaa mapajani kwa mama, juu ya ile bitana.

Jueni kwanza kwamba Babu alijishonea nguo zake zote tangu atoke kwa yule fundi wake. Hakuwahi kupimwa na mtu. Alijipima mwenyewe mbele ya kioo, futi ameibana kwa kidevu, na fundi yeyote mjini aliyethubutu kumwambia amshonee alifukuzwa. Sasa akavua koti. Akabaki na shati, mzee mwembamba, akanyoosha mikono yote miwili pembeni.

"Nipime," akamwambia mama.

Mama hakuelewa. "Nikupime nini, baba?"

"Koti. Yule mtu wa posta amekuja kwangu jana, nitamwozesha binti yangu nimevaa nini? Ndani na nje ushone wewe. Kola pia."

Mama akasimama. Akaizungusha futi kifuani kwa baba yake kwa mkono wa kushoto, akasoma, akasoma tena kwa sababu machozi yalimzuia.

"Thelathini na nane," akasema.

"Arobaini," Babu akasema. "Kifua changu ni arobaini tangu nilipomwoa mama yako."

Mama akapima upya, polepole, kidole chini ya futi ili isimbane. "Ni thelathini na nane, baba."

Mama Mkubwa aliacha kushona. Bibi aliinua pasi na kuishika hewani. Babu bado alikuwa amenyoosha mikono.

"Basi andika thelathini na nane," akasema. "Fundi ni wewe."